Fundi wa Ngazi za Hoteli Zumaridi

Jumatatu, 7 Julai 1975

Sabuni imefika! Katoni mbili nzima, kwa ajili ya wageni wa mkutano wa marais mwisho wa mwezi. Nimezifungia stoo pamoja na mashuka yangu, funguo kiunoni. Leo hata harufu ya stoo inanifurahisha.

Kapteni Abdu, meneja wetu, anataka historia ya jengo iandikwe kwenye ubao wa mvule pale mapokezi. Karani Saverio katumwa kwangu, maana nipo hapa tangu kabla ya kufunguliwa. Nikamweleza: 1958, ghorofa sita, lifti ya kwanza mtaa huu — ikakwama siku ya ufunguzi, wakubwa wote wakapanda ngazi na kuzisifu. Nilipofika kwenye habari ya mzee Muhindi aliyelijenga, aliyefukuzwa nchini na sanduku moja mwaka '72 kama Wahindi wenzake, Saverio aliacha kuandika. Nami nikaacha kusema.

Jumatano, 9 Julai

Kapteni kasimama ngazini, mkono ukutani, nami nikipita na foronya.

"Nataka jina ya fundi alitengeneza hii ngazi," kamwambia Saverio. "Iandikwe."

Nusura niangushe foronya! Fundi ni Oloo, mume wangu. Kila kijiwe cha terazo, ile saruji ya vijiwe inayosuguliwa mpaka ing'ae, alikipanga yeye, akasugua wiki kumi na moja kwa magoti. Ndipo tulipojuana, mimi nikifagia vumbi lake. Mtaa wetu wa Kisenyi mzima unajua habari hiyo, maana miaka kumi na saba hajanyamaza.

Sikumtaja. Nataka aseme mwenyewe, raha iwe yake.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu! Saverio kaja nyumbani na askari mwenye daftari, akiulizia fundi wa ngazi. Oloo kamtazama askari, katazama daftari.

"Mimi ni mpishi, afande."

Mpishi! Mtu anayeunguza chai!

Walipokwenda nikamwambia ni ubao tu, ni sifa. Akasema sifa za jeshi anazijua: kwanza daftari, halafu gari. Sikuweza kumcheka. Jirani yetu aliandikwa jina mwezi Machi, na mpaka leo mkewe hupeleka chakula kituoni na kurudi nacho.

Ijumaa, 11 Julai

Mafundi wote walioulizwa wamekana. Mmoja ni kinyozi, mwingine eti alikuwa mgonjwa mwaka mzima. Jengo halina aliyelijenga!

Ila mmoja kajitokeza. Saverio kanionyesha karatasi ya mchora ubao: "Ngazi — Dawudi wa Lubaga." Dawudi! Kazi yake ilikuwa kumletea Oloo maji.

Nimwambie? Nikimwambia, atakwenda hotelini kudai ngazi zake. Nisipomwambia, marais watasoma uongo. Oloo kala samaki wake, kashiba, anapiga mluzi. Nampenda hivihivi, hai na muoga. Nitanyamaza.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeshindwa. Kwenye chai limenitoka.

Hakupiga kelele. Kauliza mara moja tu, "Dawudi yupi, Mama Aoko?" Nikajibu. Kavaa viatu bila soksi, kaenda. Chai yake kaiacha.

Nimefika kazini nikikimbia. Naandika stoo, mlango wazi kidogo. Yuko ngazini, ghorofa ya pili! Nasikia sauti yake: makarai mangapi ya vijiwe, jiwe gani la kusugulia, Dawudi alimwaga maji wapi. Askari wawili wako chini. Kapteni kasimama mbele yake.

Sasa anamwambia terazo haipimwi kwa macho, inapimwa kwa unyayo.

"Vua buti, afande. Halafu niambie kama mchota maji anaweza hii."

Mungu wangu, Oloo. Mtu mwenye bastola kiunoni haambiwi hivyo.

Nimechungulia. Askari wanapanda. Kapteni kaketi kwenye ngazi, anafungua kamba za buti zake.