Mtambo Nyuma ya Zizi

Kibe wangu,

Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu Mama yako huwa ameketi kando yangu. Oduor ndiye atakuletea barua hii, anarudi huko Doha Jumapili.

Ng'ombe wako amenenepa. Ule mtambo wa gesi uliotujengea nyuma ya zizi unakula kila kitu: mavi, maganda ya viazi, hata ugali uliolala. Mama, aliyeapa hatakunywa chai ya mavi, sasa ndiye huniamsha tuichemshe.

Ila wiki iliyopita moto ulikufa. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja, Mama akaona aibu ya harufu, akamwaga dawa ya choo kwenye mdomo wa mtambo na kuusugua mpaka ukang'aa. Nilicheka sana. Nikamweleza kwamba humo kuna vijidudu vinavyotutengenezea gesi, na dawa imeviua. Akasikitika, akaviombea.

Jana nilimkuta akiumwagia mtambo dawa tena. Nilipomshika mkono akaniuliza mimi ni bibi wa nani.

Nikamwambia, wa Kibe.

Akatabasamu. "Kibe bado yuko shule."

Usiogope, anakula vizuri na anaimba. Tunaulisha mtambo mavi mapya kila asubuhi, na fundi anasema moto utarudi. Kuhusu Mama hakuna aliyeniambia hivyo. Njoo, mpenzi, wakati bado anatabasamu akisikia jina lako.

Wako wa Mutuini,
Nyakio