Mkono wa Bibi Kwenye Picha

Mwenzangu, usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Yule mteja wa picha za bustanini, mama wa katoto ka miezi mitano, amekuja kuchukua picha zake.

Kazi yangu unaijua. Mtoto hajajua kukaa, basi mtu anamshika ubavuni, halafu mimi naufuta mkono kwenye kompyuta na kujaza majani. Siku ile aliyemshika ni bibi yake, mama mzazi wa huyu mteja. Mkono una pete ya shaba. Nikaufuta. Tena nilijisifu, majani yalikaa kama yameota yenyewe.

Mteja kaangalia weee. Akauliza, "Mkono wa mama uko wapi?"

Nikacheka. Mwenzangu, nilicheka! Nikamwambia huwa tunafuta.

Akasema, "Mama tumemzika Jumanne. Alikuwa hataki kupigwa picha. Nilikuwa na mkono huo tu."

Mkono huo tu.

Na picha ya mwanzo, ile yenye mkono, sina. Kompyuta ilijaa, juzi nikazifuta zote. Nimemwambia hivyo, kwa mdomo huu huu. Hakulia, hakufoka.

Akainama tena, akaweka kidole kwenye gauni la mtoto. Kivuli cha vidole vinne. Nilisahau kukifuta, mimi ninayejidai fundi. Siku nyingine ningekufa kwa aibu.

Akasema, "Hapo usiguse. Nikuzie picha hapo hapo."

Ndiyo inatoka kwenye mashine ya kuchapa sasa hivi. Amesimama mlangoni, mikono ameshaikinga.