Sahani Yangu Mbele ya Wateja

Jumanne, Chang'ombe

Leo tena sufuria ya maharage imerudi nyumbani nusu.

Tangu daktari anianzishie hizi sindano za kupunguza mwili, kwa ajili ya sukari, njaa sina kabisa. Harufu ya kitunguu tu inanichefua. Mwezi wa tatu huu, magauni yananipwaya. Daktari anafurahi.

Lakini mteja wa mama lishe anaangalia kama mpishi mwenyewe anakula. Mie nilikuwaga nakaa nao benchini na sahani yangu. Leo Juma, fundi wa gereji, kaniuliza mbele ya wenzake: "Mama Neema, mbona unakonda hivyo, na chakula chako huli? Unaumwa?"

Ningesema sindano, nani angeniamini? Wameshaamua ni ule ugonjwa.

Nikajipakulia ugali, nikaumaliza huku nacheka. Kisha nikaenda nyuma ya choo, nikatapika. Kugeuka, Juma huyo hapo, na kopo lake la maji.

"Pole, mama," alisema. Akarudi benchini, akalipa, sahani yake akaiacha vilevile. Wenzake wakamtazama, nao wakanyanyuka.

Ijumaa daktari ananiongezea dozi.