Gari la Babu Yako Kule Amsterdam

Garland, Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia kutoka Missouri City, marahaba. Mama yako mdogo siku hizi anapangiwa zamu za mchana. Goti langu bado limegoma, ila ulimi ni mzima.

Unauliza kama wewe na mumeo mkodi gari mkifika Amsterdam. Marehemu babu yako alikodi. Tulikuwa vijana, na mtu wa huku Dallas angetembeaje? Hapa ukionekana kwa miguu, watu wa kanisani wanasimama kukuuliza gari limeharibikia wapi. Basi siku nzima tukazunguka jumba la makumbusho bila kuingia, tukitafuta pa kuegesha. Jioni akalirudisha gari, amenuna.

Kesho yake tukatembea. Baiskeli zilitupita huku na huku kama nyuki, na babu yako, ambaye hakuwahi kunigusa mbele za watu, akanikamata mkono kwa woga. Hakuuachia siku mbili.

Jumapili tuliporudi Dallas, akanishika tena, kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye gari, watu wote wanatazama. Nikamnong'oneza kwamba hapa hakuna baiskeli.

Akasema, "Huwezi kujua."

Bibi yako