Roboti Mlangoni kwa Mwalimu Madeje

Jumatatu, 14 Julai
Roboti limetoka saa mbili asubuhi, mimi nyuma yake na kishikwambi mkononi. Upepo wa baridi, vumbi hadi kwenye meno. Linabeba dawa kutoka duka la Mama Zuhura kwenda kwa wateja wake hapa Ipagala. Linafika vizuri, ila linaishia getini. Mzee mmoja mgonjwa wa miguu ametoka na mkongojo kuja kuchukua dawa zake, akapumzika mara mbili kabla ya kufika getini. Sasa tumemsaidia nini? Nimerudi karakana nimeudhika. Nimemwambia Bwana Chitema, bosi wangu, kwamba lazima lifike mlangoni kabisa. Amesema, jaribu.

Jumanne, 15 Julai
Nimeweka programu mpya. Nyumba tano, zote geti huwa wazi mchana. Limeingia uani, limekwepa kuku, limepanda ngazi ya baraza bila kuyumba. Mzee wa jana amepokea dawa akiwa kwenye kiti chake. Amecheka hadi akakohoa. Nilitaka kucheza pale pale uani.
Siku nzuri sana.

Alhamisi, 17 Julai
Mwalimu Madeje ameanguka. Roboti letu limemwangusha.
Yeye haoni. Alifundisha shule ya wasioona Buigiri miaka mingi, sasa amestaafu, anaishi na mpwa wake Eliza, na dawa zake za presha tunampelekea sisi. Leo sikulifuata roboti. Nilijiamini. Nilikuwa dukani kwa Mama Zuhura nakunywa chai Eliza alipopiga simu, anapiga kelele.
Nimekuta Mwalimu amekaa sakafuni barazani, ameshika mkono wa kulia, kifundo cha mkono kimeshavimba. Roboti limesimama palepale, mbele ya mlango, kimya, linasubiri mteja.
Nikamwamkia.
"Marahaba. Ni wewe mwenye hiki kidude?"
"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."
"Nyumbani kwangu huwa sitembei na fimbo, binti. Najua kila kitu kilipo. Hiki kimeingia lini?"
Tumempeleka hospitali. Foleni ndefu, mpiga picha za mifupa ameshaondoka. Wamemfunga bandeji, turudi kesho. Mwenyekiti wa mtaa ameagiza roboti lisitoke tena hadi kikao cha Jumanne.
Naogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Picha imetoka. Mfupa haukuvunjika. Mkono umeteguka tu. Daktari aliposema hivyo nilienda chooni kulia.
Kuna kitu sikukiandika Jumanne. Roboti lilikuwa na kengele, inalia kila linapotembea na kila linaposimama. Katika nyumba ya tatu, baba mmoja alitoka amefura, mtoto wake kaamshwa. Nikaizima kwa kishikwambi. Niliona ni kwa siku moja tu. Sikuiwasha tena. Hata nilipokuwa naandika hapa niliona ni jambo dogo, nikaliruka.
Bwana Chitema anadhani ni vumbi kwenye kamera. Amenituma niandike hivyo kwenye ripoti. Nimekaa mbele ya kompyuta mchana mzima. Sijaandika hata neno.

Jumamosi, 19 Julai
Nimemwambia. Alikuwa anakaza skrubu, hakuinua kichwa. Baadaye akauliza kama kuna mwingine anayejua. Hakuna. Akaendelea kukaza hadi skrubu ya mwisho. Nilishaanza kufikiri nitaanzia wapi kutafuta kazi.
Mwisho akasema, "Jumanne utasema mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni yako."
Sikutegemea hivyo. Nilitegemea kufukuzwa.

Jumapili, 20 Julai
Sikutaka Mwalimu alisikie kikaoni kwanza. Nimekwenda baada ya ibada, Eliza akanipa kigoda. Nimesema yote bila kuzungushazunguka.
Amekasirika. Hakupaza sauti, ila uso wote ulibadilika.
"Kwa hiyo mwenye macho kakereka, mkazima. Na mimi je? Mimi naona kwa hiyo kengele."
Amekaa anausugua mkono. Eliza akaleta uji, hakuna aliyeugusa.
Halafu Mwalimu akaniuliza roboti lina urefu gani. Nikamwambia linanifika magotini. Mfuniko unafungukia upande gani? Nikamwambia. Dawa zinakaaje ndani? Anajuaje ipi ni ya asubuhi? Hilo sikuwahi hata kulifikiria. Ameniuliza maswali zaidi ya saa nzima, nikajiona kama mwanafunzi ambaye hakusoma na mtihani umefika. Nimetoka natokwa jasho, na baridi yote hii.
Hakusema amenisamehe. Lakini kifua kimekuwa chepesi.

Jumanne, 22 Julai
Kikao. Ofisi ya mtaa ilijaa, wengine wamesimama dirishani. Nimesimama nikasema: kengele niliizima mimi. Mguno ukapita chumba kizima. Yule baba mwenye mtoto akaangalia chini. Mama mmoja akasema hilo dude liondoke, leo limemwangusha Mwalimu, kesho litamwangusha mtoto. Watu wakapiga makofi. Nikaona tumekwisha.
Mwalimu Madeje akaomba nafasi.
"Mimi ndiye niliyeanguka, kwa hiyo nisikilizeni. Kabla ya hili roboti, Eliza alikuwa anaacha kazi zake kila wiki kunifuatia dawa. Sitaki lifukuzwe. Nataka lifundishwe adabu. Mgeni hasimami katikati ya mlango. Anasimama pembeni, anapiga hodi, anangoja. Asipojibiwa mara tatu, anakwenda zake. Na sanduku liwe na alama ninazoweza kuzishika kwa vidole."
Halafu mwenyekiti akacheka, na watu wote wakacheka.
Tumepewa wiki mbili za majaribio kuanzia tarehe nne Agosti. Mkaguzi ni Mwalimu. Akisema hapana, ni hapana.
Nimetembea hadi nyumbani. Nilitaka hewa.

Ijumaa, 25 Julai
Kazi, kazi. Roboti sasa linasimama hatua mbili pembeni ya mlango, mgongo ukutani. Kengele ya njiani tumeipunguza sauti, ila haizimiki bila funguo mbili, wangu na wa Bwana Chitema. Ndani ya sanduku kuna vyumba viwili, cha asubuhi kina nundu moja kwenye mfuniko, cha jioni nundu mbili.
Hodi nimeirekodi kwa sauti yangu. Nimempigia Mwalimu asikilize. Amesema hiyo ni hodi ya mtu aliyekuja kudai. Nimerekodi tena, kasema sasa ni ya mtu anayetoroka. Tumecheka wote wawili. Mara ya kwanza kumsikia akicheka na mimi. Mwishowe tumechukua sauti ya Mama Zuhura, maana kila mtu huku anaijua.

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya kwanza. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Roboti limeingia, limesimama pembeni. "Hodi! Hodi wenyewe!" Mlango umefunguka. Mwalimu ametoka, bandeji imeshatolewa, amenyoosha mkono kushoto, amegusa mfuniko, amehesabu nundu, amechukua dawa. Dakika moja hata haikufika.
Halafu akaita kwa nguvu kuelekea barabarani: "Najua uko hapo! Mfuniko unang'ang'ania, upake mafuta!"
Nimeupaka mafuta.

Ijumaa, 15 Agosti
Mwenyekiti amepokea taarifa ya mkaguzi. Eliza ndiye aliyeiandika, Mwalimu kamtajia kwa mdomo. Ukurasa mmoja. Makosa manne madogo, kila moja na namna ya kulirekebisha. Mwisho: liendelee.
Bwana Chitema amenipa mkono. Akaushikilia kidogo. Basi.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimelala hadi jua limepanda. Nimefua, nimeanika, upepo umekausha nguo kabla sijamaliza kusonga ugali. Nimekula na mlenda, nje, peke yangu. Simu haikuita. Mchana nimesinzia mkekani na mlango wazi.