Picha ya Volvo ya Samawati

Mirdif, Dubai

Kwako Baba,

Nimefurahi kusikia goti limepoa na ng'ombe amezaa. Huku joto limepungua kidogo, sasa naanika nguo bila kuchomeka nyayo.

Umesema ile picha ya Volvo umeibandika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa, na kila mgeni unamweleza ulivyokuwa ukitengeneza gari kama hilo kule Molo. Umeomba nyingine. Siwezi, Baba.

Niliikata kwenye kitabu cha sir, mwajiri wangu. Ana rafu nzima ya vitabu vya picha vya magari ya zamani ya Uswidi, na hicho sikuwahi kuona akikigusa. Nikakichukulia kama zile kalenda za mwaka jana tunazokata picha nyumbani. Nilipofika kwenye ile Volvo, ni kama nilikuona wewe umeinamia boneti, nikachukua wembe.

Mwezi uliopita alikifungua amwonyeshe mgeni wake. Tukaitwa, mimi na Fauziya, yule Mganda niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja. Madam akasema ni Fauziya, kwa sababu ndiye hupanguza rafu. Fauziya akanitazama, akingoja nimtetee. Mimi nikatazama sakafu. Siku ya tatu akapandishwa ndege, khalas.

Ibandue hiyo picha, tafadhali.

Kila Ijumaa Fauziya huniandikia kutoka Masaka: "Terry dada yangu, wamempata aliyekata?"

Namjibu, bado.

Ni mimi binti yako,
Terry