Adabu ya Kunyamaza

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kibuta. Babu yako bado anakohoa, na mihogo mwaka huu imeoza shambani. Umeniuliza kwa nini sikuendelea na shule.

Kwetu mtoto hakusema mbele ya wakubwa. Tulikula kimya, na mkubwa akikusemesha uliinamisha macho. Nilipoanza darasa la kwanza, kijiji cha ujamaa kikiwa kipya, mwalimu alinionyesha picha ya soko. "Tueleze unaona nini." Niliona kila kitu, hata mbuzi aliyefungwa nyuma ya kibanda. Nikainamisha macho. Akaulizwa binti wa bwana shamba, ambaye kwao walikula mezani huku baba yake akimwuliza habari za shule. Alieleza vizuri mpaka akapigiwa makofi. Mimi nikahamishiwa nyuma, kwa wale waitwao wazito, na sikuulizwa tena mpaka nilipoacha.

Jioni ile nilimsimulia mama. Akanikwangulia ukoko wa wali.

"Umefanya vyema, mwanangu. Wasije wakasema hatukukufunza."

Niliula kwa furaha, Rehema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Bibi yako,
Mwajuma